Safu Iliyobaki na Moja

Kwenye mtaa wetu wa Mbagala kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekaa na sahani thelathini na moja za watu, na muda wote huo alikuwa akituhubiria umuhimu wa kupelekeana chakula. Tulimwita Mwalimu tu. Jina lake limo kwenye ripoti yangu ya kidato cha pili, chini ya neno "Dhaifu" aliloniandikia kwa wino mwekundu, na ripoti hiyo niliichoma mwenyewe nyuma ya choo. Hesabu zilinishinda, nikaishia kupika kwenye shughuli: harusi, maulidi, kipaimara, popote penye sufuria kubwa. Kwa hiyo habari ya sahani mtu hanidanganyi.

Moja kati ya hizo thelathini na moja ilimkosesha mama yangu rafiki yake wa miaka ishirini. Nitaifikia. Kwanza mjue mwenye kukaa nayo, la sivyo mtadhani alikuwa mwizi, na mwizi hakuwa. Afadhali angekuwa mwizi, wezi tunawazoea.

Alivaa shati la mikono mirefu lililokunjwa mara mbili, na kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na chaki, ingawa alikwisha kustaafu. Hakuweza kuongea bila kuchora. Alichora ukutani, mlangoni, juu ya ndoo ya mtu aliyesimama kusubiri maji. Ukimpa habari ya ugomvi alichora nukta mbili, akavuta uzi kati yake, akaufuta kwa kidole gumba, akakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosana. Msibani haombolezi, anahesabu nani kakaa mkeka mmoja na nani. Alipokuja kwenye harusi ya dada yangu alileta zawadi ya mkebe wa hesabu, wenye bikari na kila kitu, na bibi harusi alikuwa na miaka ishirini na saba.

Salamu yake ilikuwa balaa. Unamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," anajibu, "Marahaba, tano." Tano ni idadi ya nyumba ambazo nyumba yenu mnapelekeana nazo sahani. Alikuwa anazijua za mtaa mzima. Siku moja Mama alirudi kutoka sokoni amenuna kama kobe, kisa Mwalimu kamjibu, "Marahaba, nne," mbele ya watu. Kufika jioni kila mtu alijua kwamba Mama hasemi na Mama Joyce, na Mama Joyce mwenyewe ndipo alipojua.

Hapo niseme kidogo juu ya sahani, kwa wale waliokulia kwenye maghorofa. Ukipika kizuri unampelekea jirani. Jirani akishakula anaosha sahani, lakini hairudishi tupu. Sahani hairudi tupu. Akikosa chakula ataweka ndimu mbili, au chumvi, au kipande cha muwa, ili mradi sahani isione aibu njiani. Ukishaletewa, na wewe huwezi kukaa na sahani yake wala kuirudisha hivihivi. Kwa hiyo ukianza kupelekeana na mtu hakuna siku ya kumaliza. Sisi tuliona ni ujirani. Mwalimu aliona ni hesabu za chuo kikuu.

Alibandika kalenda za zamani, mgongo nje, ukutani kwake upande wa barabara, akachora ramani. Kila nyumba nukta, kila jozi inayopelekeana sahani uzi. Mtaa wetu umekatwa na mtaro mpana wa maji ya mvua, unaovukwa kwa bamba moja la zege. Huku juu wengi ni watu wa bara, Wapare, Wanyakyusa, Wahaya. Kule chini wengi ni wa Lindi na Mtwara. Ramani ilionyesha nyuzi zimejaa huku, nyuzi zimejaa kule, na katikati, juu ya mtaro, uzi mmoja tu. Uzi ule ni mama yangu, Mama Neema, na shoga yake Mama Shani. Krismasi pilau la Mama lilivuka bamba, Idi la Mama Shani likarudi, na katikati ya hapo vibibi, mihogo ya nazi, makande, umbea.

Kutoka kwenye ramani alitengeneza jedwali. Kila nyumba ina safu yake. Unaandika idadi ya nyuzi zake, halafu kwa kila jirani anayepelekeana naye unaandika hasi moja, na wengine wote sifuri. Aliliita Laplasiani, tukalizoea, kuna mtu kule chini alitaka kumwita mwanawe hivyo. Ukijumlisha safu yoyote lazima upate sifuri, na hilo alilipenda kuliko mshahara.

"Toa majirani zako wote, Neema," aliniambia, "umebaki nani?"

"Nimebaki Neema, Mwalimu."

"Umebaki sifuri. Ndiyo maana nilikuandikia dhaifu."

Jedwali hilo, alisema, lina namba zake za ndani, kama ngoma ilivyo na milio yake. Ya kwanza ni sifuri siku zote, usiijali. Ya pili ndiyo ya kusikiliza. Ikiwa kubwa, mtaa umeshikana, huwezi kuupasua. Ikiwa ndogo, mtaa unaning'inia. Ikifika sifuri, basi si mtaa mmoja tena, ni miwili, hata kama mjumbe ni yuleyule. Alikuwa anaitafuta kwa penseli, daftari baada ya daftari, anazidisha, anagawa, anazidisha tena, miezi. Alipoipata alizunguka nyumba kwa nyumba kuitangaza: sifuri nukta sifuri saba.

"Ni nzuri?" aliuliza mjumbe wetu, mzee mpole aliyependa kila jambo liwe zuri.

"Ni aibu," Mwalimu alimjibu.

Kisha akaharibu. Ile namba ya pili, kumbe, inampa kila nyumba namba yake, na namba hizo zinaonyesha mtaa ungepasukia wapi. Upande mmoja zinatoka chanya, upande mwingine hasi. Mwalimu akachukua chaki, akamwandikia kila mtu namba yake getini. Chini wote chanya. Juu wote hasi. Kufika saa nne asubuhi watu wa juu walikuwa wamejaa kwa mjumbe.

"Mie nasali, natoa zaka, halafu ananiandikia hasi!" alilalama Baba Joyce. "Wale wa chini wamempa nini?"

"Alama si kitu, ndugu zangu," Mwalimu aliwaeleza. "Naweza kuzigeuza zote, juu chanya, chini hasi. Hesabu ni ileile."

Hapo ndipo watu wa chini nao wakaja.

Mama hakulalamikia hasi. Alilalamikia udogo. Wengine wote waliandikiwa namba za maana, yeye na Mama Shani wakapewa vinamba vya kukaribia sifuri, kimoja hasi kimoja chanya. Mwalimu akamwambia wenye namba ndogo ndio walioshika mtaa, kwa sababu wako karibu na ufa. Mama akafuta kwa kanga hata hivyo. Mama Shani aliacha chake, akakizungushia duara.

Sasa mtu huyu, mhubiri wa nyuzi, alikaa kule chini, nyumba ya mwisho kabla ya bamba, na geti lake lilikuwa na kibao cha "Mbwa Mkali" na mbwa hakuwepo. Ukigonga alikuongelesha kupitia dirishani. Wageni hakuwapenda kwa sababu, kwa maneno yake, huwa wanakaa. Mkewe alifariki kabla sisi hatujahamia, na masufuria yake aliyafunga kwenye boksi, akaishi kwa mkate na chai ya rangi. Akina mama walimpelekea chakula mwanzoni. Aliwashukuru vizuri, kwa Kiswahili cha mtihani, akapokea, na sahani haikuonekana tena. Kila mmoja alipoteza moja au mbili, akaona haya kumdai mjane, akaacha kupeleka. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mganga hajigangi: kwenye ramani nyumba yake haikuwemo. Nilipomuuliza alisema mpimaji hajipimi.

Mama Shani peke yake hakuacha. Kila Ijumaa alimpelekea chakula ndani ya kopo la siagi, lile la kutupa, lisilodai kurudi. Alijua tabia ya Mwalimu na hakuisema. Ni mtu wa namna hiyo.

Tufike kwenye sahani yenyewe. Mama ana sahani sita za udongo zenye ukingo wa dhahabu alizopewa na marehemu bibi yangu siku anaolewa. Hazitoki kabatini. Zilitoka kwenda kwa Mama Shani tu, na kwa Krismasi tu. Krismasi moja, sahani moja ilivuka bamba na pilau lake, na haikurudi. Mama alisubiri Januari yote. Februari akashindwa.

"Shoga, ile sahani yangu ya marehemu mama."

"Nilikwisha kuirudisha, mwenzangu. Na maandazi juu."

"Maandazi yalikuja na sahani ya bati."

"Ya bati? Mie nakumbuka ya udongo."

"Mama Shani, sahani ya mama yangu nisiijue?"

"Kwa hiyo mie mwizi?"

Mama alitakiwa kusema hapana. Nilikuwepo, nilimwona mdomo umefunguka kabisa kusema hapana. Lakini alikuwa amezihesabu zile tano kabatini kwa mwezi mzima, akanyamaza. Mama Shani akajifunga kanga vizuri, akavuka bamba, na hakuvuka tena.

Zikapita Idi mbili na Krismasi moja. Uzi ule ulipokatika, mengine yakaufuata. Watu wa juu wakaacha kushuka kwenye maulidi, watu wa chini wakaacha kupanda kwenye misiba yetu, wakitoa rambirambi kupitia kwa mjumbe. Mama alipika pilau la Krismasi akalitazama tu. Usiniambie ni sahani. Nilimwona anapakua la Mama Shani kwa mazoea, anasimama nalo mkononi katikati ya uwanja, halafu anarudi kulimwaga sufuriani. Niliumia, na nilimkasirikia, na nilimkasirikia Mama Shani pia, maana ukingo wa dhahabu ni rangi tu.

Mwalimu hakulala kwa hasira. Alipita na daftari, anapaza sauti kama mnadi samaki: "Sifuri! Namba ya pili ni sifuri! Hatuna mtaa!" Akaamua kulikagua jedwali upya, safu kwa safu. Idadi ya nyuzi aliwauliza wenyewe. Nyuzi zenyewe alizihesabu kwa macho, akikaa dirishani. Safu zote zikajumlika sifuri, isipokuwa moja. Mama Shani alisema anapeleka nyumba sita. Mwalimu alimwona anapeleka tano.

"Inabaki moja," alituambia, ametoa macho. "Kuna nyumba imefichwa! Mama Shani ana nyumba ya siri!"

Mnajua mtaa ulivyoipokea habari hiyo. Mume wa Mama Shani alihojiwa kijiweni. Mwalimu alizunguka nyumba zote ishirini na mbili akiuliza nani anapokea chakula cha Mama Shani kwa siri. Alimuuliza hata mjumbe, mbele ya mkewe. Alikwenda hivyo wiki nzima, halafu ghafla akanyamaza. Hakusema amepata nini. Kalenda zake akazibandua ukutani.

Baada ya hapo alianza kunifuata mimi.

"Neema, nifundishe kupika kitu."

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Pilau."

Nilimfundisha pilau. Aliniuliza kitunguu kikaangwe mpaka rangi ya kiwango gani. Nikamwambia mpaka moyo wako uridhike. Akaandika "moyo?" pembeni, na kitunguu kikawa mkaa. Tukashuka kwenye wali wa nazi, ukawa uji. Tukashuka kwenye maandazi. Yale maandazi sitayasema, yaliyobaki tuliziba nayo shimo la panya na hayajatoka mpaka leo. Mtaani waliamua Mwalimu ana mchumba, na wengine walidhani mchumba ni mimi, nikakosa kazi moja ya harusi kwa upuuzi huo.

"Mwalimu, huyo unayempikia atakuacha tu," nilimwambia siku ya chapati. "Mwambie ukweli kwamba hujui."

Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. "Siwezi kwenda mikono mitupu," akasema.

Nikamhurumia nikamfundisha kuchemsha yai.

Jumamosi moja asubuhi, kama miezi minane tangu anyamaze, tulisikia toroli likilia kule kwake. Lilikuwa limejaa sahani, zimepangwa juu ya mbao kama ghorofa, na kila sahani ilikuwa na yai moja la kuchemsha na chumvi kidogo kwenye karatasi. Mwalimu mwenyewe ndiye anayesukuma, amevaa tai. Akaanza na nyumba za chini. Akina mama wakatoka.

"He! Hii si sahani yangu ya mwaka tuliohamia?"

"Na hii ya kwangu! Mungu wangu, nilimchapa mtoto kisa sahani hii!"

"Mwalimu, ulikuwa unakula na sahani?"

Yeye yuko kazini. Anasimama mlangoni, anatoa sahani, anasema, "Samahani, nimechelewa," anakwenda mlango wa pili. Mtaa mzima ulimfuata, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Alipovuka bamba kuja juu, Mama Shani alikuwa nyuma yake. Hakuvuka. Alisimama mwanzo wa zege, mikono kifuani.

Sahani ya mwisho ilikuwa imefungwa kwenye gazeti. Aliifungua mbele ya Mama. Ukingo wa dhahabu ulikuwa mzima, yai katikati.

"Mama Neema," Mwalimu akasema, na sauti ile iliyotutisha darasani ilikuwa imekwisha. "Ijumaa moja kwa Mama Shani kopo lilikosekana. Binti yake aliyekuja kusalimia akanipakulia kwenye hii. Mama Shani hakujua, na alipokujibu aliamini amerudisha sahani zako zote. Mwenzako hajakuibia. Nyumba iliyofichwa ni yangu."

Watu wakaacha kucheka. Mama aliitazama sahani, akamtazama Mama Shani kule ng'ambo, akaitazama tena sahani. Niliogopa. Mama akikosa anakuwaga mkali zaidi kuliko akikosewa.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "miaka yote hii, halafu yai moja?"

Aliyecheka kwanza ni Mama Shani. Alianza kidogo, akaziba mdomo kwa kanga, ikashindikana, akakaa chini palepale kwenye bamba. Mama akatoka na sahani yake mkononi, viatu hana, akaenda mpaka kwenye zege.

"Nilitakiwa kusema hapana siku ile," akamwambia.

"Ulitakiwa."

"Basi hapana. Hapana, hapana, hapana. Chumvi hii itatutosha kwa yai hili, au kwenu kuna nyingine?"

Siku hizi ninakaa Kimara, nashuka Mbagala mara moja moja. Mwezi uliopita Mama alinituma kwa Mwalimu na sahani ya makande, maana magoti hayamtoi tena nje. Kibao cha mbwa kimeondolewa. Nilimkuta sebuleni, ramani imerudi ukutani, ukuta wa ndani sasa. Upande wa mtaro kulikuwa na nukta mpya yenye nyuzi mbili, mmoja umekuja kwetu, mwingine umeshuka kwa Mama Shani.

Nilimuuliza jambo nililokuwa nalo siku nyingi. "Mwalimu, ile safu iliyobaki na moja. Uligundua lini kwamba ni wewe?"

"Wiki ileile."

"Wiki ileile! Na yai umelileta baada ya miezi minane?"

"Sahani hairudi tupu, Neema. Nilikuwa sina cha kutia."

Nilimwangalia kwa hasira kabisa. Miezi minane mama yangu anamwaga pilau sufuriani, na kutoka kitanda cha mtu huyu mpaka mlango wetu ni hatua arobaini. "Ungeirudisha tupu!" nikamwambia. "Tungekucheka siku moja ikaisha!"

"Ndiyo," akasema. "Hilo nililijua pia."

Akachukua daftari lake kukuu, akafungua ukurasa wa zamani, akaniwekea kidole kwenye safu moja chini kabisa aliyokuwa ameiongeza kwa penseli. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho wa karatasi.

"Hii ilikuwa yangu. Jumlisha."

Hata mimi dhaifu niliweza. "Sifuri."

"Safu ya Mama Shani ilikosea kwa sababu alinihesabu. Ya kwangu haikuwa na kosa hata moja. Mtu asiye na mtu, hesabu zake hutoka sawa siku zote." Akafunga daftari. "Ndiyo maana sikuwahi kuikagua."

Hasira ilikuwa imenitoka, na hasira ikinitoka huwa naosha vyombo. Niliosha vikombe vyake vyote. Nilipotaka kuondoka akaniambia ningoje, akajikokota jikoni, nikasikia sufuria, na baada ya muda nisioupenda akanirudishia sahani ya Mama ikiwa na yai na karatasi ya chumvi.

Nyumbani nilimkuta Mama Shani amekaa na Mama barazani, wanachambua mchele na wanagombana nani atampelekea Mwalimu Ijumaa. Mama alilimenya lile yai, akalipasua, na kiini kikamwagika chote kwenye ukingo wa dhahabu. Lilikuwa bichi ndani. Walitazamana. Kisha Mama Shani akamega mkate, akachovya, akampa Mama, na wakalila hivyohivyo, wote wawili, mpaka sahani ikawa nyeupe.